Bei njoo inboksi, na namba yangu inaanza na 49

"Unatoka wapi, dada?"

Nilikuwa nimeuliza bei ya picha tu. Mdogo wangu ana sendofu Desemba, na kamati imenikabidhi picha na video kwa hoja kwamba mimi niko Ulaya, naelewa mambo ya kamera. Basi Jumapili nikakaa jikoni kwangu hapa Hamburg, chai pembeni, nikawaandikia wapiga picha saba wa Dar. Kurasa zao zinavutia, sisemi uongo. Mabibi harusi wamemwagiwa jua la jioni, shela zinapepea, unatamani uolewe tena. Chini ya kila picha kuna mtu ameuliza "bei?" na mwenye ukurasa amejibu "njoo inboksi mpendwa". Nikaenda inboksi. Watatu mpaka leo kimya. Mmoja alinitumia maua, maua matupu. Mwingine akaomba namba ya WhatsApp ili tuyajenge vizuri. Nikampa, akaona inaanza na +49, ya Ujerumani, akauliza hilo swali lake.

Milioni mbili na laki nane.

Nikampigia mtoto wa mama mdogo anayekaa Tabata. Akamtafuta mpiga picha yuleyule, tarehe ileile, ukumbi uleule. Milioni moja na nusu, na juu yake akaambiwa "mazungumzo yapo".

Milioni mbili na laki nane huenda ndiyo thamani halisi ya kazi yake. Kamera haziokotwi, na kuhariri picha kunakesha watu. Angeiandika kwenye ukurasa wake ningeilipa, au ningepita kimyakimya nikatafute wa mfuko wangu. Kinachonikera ni kwamba kati ya bei ya kwanza na ya pili, kazi haikubadilika hata picha moja. Nilibadilika mimi. Hakupima kazi, alinipima mimi, kama fundi cherehani na utepe wake shingoni, na tena bila kuniambia ninyanyue mikono.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba siku moja kabla nilikuwa nimempeleka mwanangu kunyolewa. Kinyozi wetu ameajiriwa na nafsi yake, kiti kimoja, redio moja. Dirishani pana karatasi: watoto chini ya miaka 12 euro 16, ndevu kiasi kadhaa, kuosha kiasi kadhaa. Si hisani yake. Wajerumani wana sheria ya kuonyesha bei, Preisangabenverordnung, neno refu kama treni ya Kigoma, ambayo toleo lake jipya lilianza kutumika mwaka 2022. Anayemuuzia mtu wa kawaida lazima aonyeshe bei kamili, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa ndani. Kwa hiyo unasimama nje, unasoma, unahesabu sarafu zako, ukiona huwezi unaendelea na safari na hakuna aliyejua kuwa hukuweza. Miaka tisa hapa, hakuna fundi aliyewahi kuniuliza ninatoka wapi kabla ya kunitajia bei. (Wananiuliza baadaye, tena kwa bidii, lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.)

Haya, najua kinachokuja. Mkataa kwao mtumwa. Dada ameona theluji mara mbili, sasa anatufundisha biashara. Mimi nimelelewa na biashara ya vitenge. Mama yangu alinifundisha Kariakoo jinsi ya kukishika kitenge, kukunja uso, kukirudisha taratibu na kuondoka hatua tano bila kugeuka, maana ya sita lazima uitwe. Sijawahi kupata hapa raha inayofanana na ile hatua ya sita. Kinyozi ananirudishia chenji, tunaagana, hajui hata jina la mwanangu.

Lakini Kariakoo kitenge kipo. Umekishika, umekivuta uone kama kinachuja, na duka la pembeni lina kilekile. Mnapatana kwa kuwa wote wawili mnaona kinachouzwa. Nembo ya kampuni yako, tafsiri ya mkataba wako, picha za sendofu ambayo haijafanyika, utazishika wapi? Hazipo bado. Mteja wa mtu anayejiajiri ananunua ahadi, na katika ahadi kitu pekee anachoweza kukishika ni bei. Ukimnyima hicho, ukamwita faragha inboksi ambako hakuna duka la pembeni wala mashahidi, huko si kupatana. Na wale wanaoniambia ni utamaduni wetu, waniambie ni utamaduni upi. Konda wa daladala hakwambii njoo inboksi, nauli imepangwa na LATRA na ukizidishiwa basi zima linapiga kelele. EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi inatangaza bei kikomo za mafuta, nchi nzima tunaguna pamoja. Wakala wa M-Pesa, kibanda chake hakifiki hatua mbili, ana chati ya makato ukutani. Tunaweza vizuri kabisa. Kinachojadiliwa faragha kwa desturi yetu ni mahari, na hata huko kuna washenga.

Niseme na yangu, nisionekane ninarusha mawe tu. Mimi ni mkalimani na mfasiri, Kiswahili na Kijerumani, ninajitegemea. Nilipoanza, tovuti yangu ilikuwa na picha yangu nikitabasamu, maneno matamu kuhusu "kujenga madaraja", na bei hakuna. Wasiliana nami. Niliogopa pande zote mbili: nikiandika kubwa watakimbia, nikiandika ndogo watanidharau. Ofisi moja ikanipigia, saa yangu ni kiasi gani? Sauti ikanikauka, nikasema euro 30. Yule mama upande wa pili akanyamaza kidogo, akasema sawa. Nilidhani nimeshinda. Baadaye mwenzangu, Mturuki, mzee wa kazi hii, akanionyesha sheria ya malipo ya wakalimani wa mahakamani: wakati ule, tangu mwaka 2021, ilikuwa euro 85 kwa saa. Imeandikwa, imechapishwa, mtu yeyote anaisoma bure. Nilikuwa nimejiuza chini ya nusu ya kilichoandikwa kwenye sheria, kwa sababu bei yangu ilikuwa kichwani, na bei ikikaa kichwani hutetemeka kila simu inapolia.

Wiki ileile niliziandika zote. Ukalimani kwa saa, tafsiri kwa mstari, mstari ni herufi 55 pamoja na nafasi. Hapa niwapongeze Wajerumani kwa kuhesabu herufi badala ya maneno, maana kwa maneno Kiswahili kingetuua njaa. "Hatutawasahau" ni neno moja, wao wanahitaji matano kusema hivyohivyo.

Simu zilipungua, sitawadanganya. Zilizobaki zilikuwa za watu waliokwisha kukubali. Siku hizi mtu akinipigia anaanza na tarehe, haanzi na "kwani wewe unafanyaje". Waliopotea wengi ni wa kwetu. Kijana mmoja alikuwa na cheti cha ndoa na barua ya serikali ya mtaa, anazihitaji kwa Kijerumani, amesoma bei, akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Salamu za nyumbani, pole na baridi, kisha: "Sasa dada, hiyo ni ya Wazungu, sisi ya kwetu ni ipi?" Niliishiwa nguvu. Nikamfanyia punguzo, ndiyo, nilimfanyia. Ila kwenye ankara nikaandika bei kamili, chini yake punguzo, chini yake kilichobaki. Akaniambia nimekuwa Mjerumani. Mimi naona nilimheshimu, alijua nimempa nini. Punguzo lisilo na bei juu yake halijulikani kama ni punguzo au ni bei ya kawaida imevaa kilemba.

Wajerumani nao wasijidai. Nendeni kwenye tovuti za wabunifu na wapiga picha wao wanaofanya kazi na makampuni, mtakuta wengi wameandika "bei kwa maombi". Hiyo ni njoo inboksi iliyovaa suti. Na wana kineno cha herufi mbili, "ab", yaani kuanzia, kilichoniliza mwaka juzi. Nilitoka kutupa takataka na kandambili zangu, mlango ukajifunga nyuma yangu, na milango ya huku ikijifunga imejifunga. Nikamtafuta fundi wa kufuli kwenye simu. Tovuti yake: kuanzia euro 15. Akaja, akatumia dakika nne na kipande cha plastiki, akadai 290. Usiku, kasema. Wikendi, kasema. Usafiri. Nikalipa nikitetemeka kwa baridi na kwa hasira. Baadaye nikaambiwa vituo vya kutetea walaji vinaonya kila mara kuhusu mafundi wa kufuli wa namna hiyo. Kwa hiyo mnaoniambia "kila kazi ni tofauti, nitaandikaje bei moja", nakubali, andikeni kuanzia, lakini iwe kuanzia ambayo kuna mtu amewahi kuilipa.

Mwingine ananiambia washindani wataiona. Ndugu yangu, mshindani wako alishamtuma binamu yake inboksi zamani. Usiyemwambia bei ni mteja peke yake.

Na watu wa kodi, TRA? Hofu hiyo siicheki. Mtu ameandika milioni mbili kwa harusi, mkadiriaji anaona, anazidisha kwa Jumamosi zote za mwaka hata zile za Kwaresima na Ramadhani ambazo haoi mtu, anakuletea karatasi. Mimi huku ninahesabiwa kwa ankara nilizotoa, na tangu 2025 mwenye mauzo yasiyozidi euro 25,000 kwa mwaka kama mimi anaweza kuachwa nje ya kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo ujasiri wangu umenunuliwa rahisi. Hapo ninainamisha kichwa.

Kuna hoja moja tu inayoninyima usingizi, na ajabu sijaambiwa na mkosoaji yeyote, nimejiambia mwenyewe. Fundi aliyetushonea sare za shule pale mtaani hakuwahi kuwa na bei. Mwalimu alilipa yake, mwenye duka yake. Mama, mwaka ule vitenge vilipokaa stoo, alilipa nusu mwezi wa kwanza na nusu Pasaka, na hakuna aliyejua. Yule mzee naye alikuwa anatupima sisi, si kazi. Angebandika karatasi mlangoni kama kinyozi wa Hamburg, Mama angesoma, angehesabu, angeendelea na safari na heshima yake, nami ningeenda shule na sketi ya dada yangu. Nimejaribu kujiambia kwamba yeye alitupima kushuka na huyu wa picha alinipima kupanda. Lakini nani alikuwa analipia kile kilichopungua kwa Mama? Mwenye duka. Na sasa mwenye duka ni mimi, mwenye +49.

Hata hivyo bado nasema andikeni. Fundi yule alitujua kwa miaka, alimjua marehemu babu. Mtu aliyeniona kwa dakika mbili kwenye simu asichukue madaraka ya mtu aliyenijua utoto wangu wote.

Hatimaye nilimpata kijana mmoja wa Ubungo. Juu kabisa ya ukurasa wake ameandika BEI, unabonyeza unaona: milioni moja na laki sita, saa nane, wapiga picha wawili, picha mia tatu zilizohaririwa, albamu laki moja na nusu zaidi. Nilitaka kulia. Sikuuliza hata swali, nikatuma kianzio palepale, nikaweka risiti kwenye kundi la kamati nikitegemea vigelegele.

Shangazi akaandika: "Umeomba apunguze?"

Nikamjibu, "Shikamoo Shangazi. Bei imeandikwa."

"Marahaba. Kuandikwa ndiyo nini?"

Kundi zima likanyamaza. Baada ya robo saa Shangazi akarudi na ujumbe wa sauti, anacheka. Alikuwa amempigia yule kijana, wakagundua mama yake anatoka Same, jirani kabisa na kwao Shangazi. Laki mbili zimeshuka, albamu ni ya bure, na kijana ameomba aombewe naye apate mke.

Kamati imeniondoa kwenye picha na video. Nimehamishiwa vinywaji.