Komet Ilipewa Injini ya Kombora

Kila zinapotajwa silaha mpya za Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, kombora la mabawa la V-1 na roketi ya V-2 huwekwa pamoja kama mtu na mdogo wake, na ndege ya kivita ya jeti, Me 262, hutengwa kana kwamba ni ya ukoo mwingine. Mimi naona mgawanyo huo si sahihi. Kwa upande wa injini, V-1 ni jamaa wa karibu wa Me 262, kwa kuwa zote mbili zilivuta hewa ya nje ili kuunguza mafuta. V-2 ndiyo mgeni hapo, na ndugu yake hapatikani miongoni mwa makombora bali katika ndege ndogo ya kivita iitwayo Me 163 Komet.

Injini ya jeti huchukua oksijeni angani, kwa hiyo hubeba mafuta peke yake. Roketi hubeba mafuta pamoja na kitu cha kuyaunguza, na ndiyo maana hufika mahali pasipo na hewa, ingawa matangi yake hukauka haraka. V-2 iliondoka na takriban tani 9 za spiriti na oksijeni ya kimiminika, na zote zikateketea kwa sekunde 65 hivi. Njia iliyobaki kombora lilikwenda kama jiwe lililorushwa.

Lakini kuna swali ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko hilo la hewa: je, chombo kinatarajiwa kurudi?

Itazame injini ya V-1, iliyotengenezwa na kampuni ya Argus. Ni bomba la chuma lililofungwa mgongoni mwa kombora, lisilo na kompresa (mashine ya kushindilia hewa) wala turbini (gurudumu la mapanga linalozungushwa na gesi ya moto). Mbele yake kuna safu za vibamba vyembamba vya chuma cha springi: hewa ikivisukuma hufunguka, petroli hunyunyizwa, mchanganyiko hulipuka, na mlipuko huo huo huvibana vibamba vikaziba njia, hata gesi ya moto ikawa haina pa kutokea ila nyuma. Hayo yalijirudia karibu mara 50 kila sekunde, na ndiyo yaliyotoa ule mngurumo ambao wakazi wa London walianza kuusikia Juni 1944, wakiomba usikatike juu ya vichwa vyao, maana ukikatika bomu linashuka. Vibamba viliungua na kuchakaa upesi, lakini nani angejali? Kutoka pwani ya Ufaransa hadi London safari haikufika nusu saa.

Rubani wa Me 262 hakuweza kuishi kwa hesabu hiyo. Injini yake, Jumo 004, ilikuwa na turbini inayozunguka ndani ya moto, na Ujerumani ilikuwa imepungukiwa nikeli na kromi, ikabidi sehemu nyingi za moto ziundwe kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Ndiyo maana injini hiyo mara nyingi ilidumu saa 10 hadi 25 tu. Rubani akiongeza kwa pupa mafuta yanayoingia injinini, iliweza kuzimika au kushika moto; kwa hiyo alipokuwa akitua polepole, asiweze kuchomoka ghafla, ndipo ndege za adui zilipomvizia karibu na uwanja. Pamoja na udhaifu huo wote, ilikuwa injini ya ndege kweli. Waingereza nao, kwa kufuata njia ya Frank Whittle, Mwingereza aliyeomba hataza ya injini ya jeti mwaka 1930, walikuwa na ndege ya kivita ya Gloster Meteor, iliyoanza kufukuza V-1 Julai 1944, jeti ikikimbiza jeti. Tarehe 4 Agosti, rubani mmoja wa Meteor ambaye mizinga yake ilikwama alisogeza bawa lake chini ya bawa la kombora, akalipindua.

Inayonisumbua ni Komet. Wapo wanaoisifu hadi leo kwa kasi yake, na ni kweli kwamba Oktoba 1941 rubani wa majaribio Heini Dittmar aliipeleka zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa. Kwangu mimi ilikuwa kombora lililotiwa kiti. Ilitumia vimiminika viwili, peroksaidi ya haidrojeni kali, waliyoiita T-Stoff, na mchanganyiko wa methanoli na haidrazini, ambavyo vikikutana huwaka vyenyewe bila cheche. Iliwapita maadui kwa kasi kiasi kwamba rubani alibakiwa na sekunde chache tu za kulenga. Magurudumu ya kurukia aliyaangusha mara tu alipoiacha ardhi, na mafuta yalipokwisha, baada ya dakika saba au nane, alirudi akielea bila injini, asiweze kupaa tena kama amekosea uwanja, kisha akatua kwa kuteleza juu ya kitelezi kilichofungwa tumboni mwa ndege, huku masalio ya T-Stoff yakitikisika katika matangi yaliyokuwa kulia na kushoto kwa kiti chake.