Chaneli nane mezani, mbili kwenye kompyuta

Wauzaji wa vyombo vya muziki wananikera sana. Kijana anataka kurekodi nyumbani, wanampa mikisa ya analogi, yaani meza ya kuchanganyia sauti, yenye tundu la USB na kumwambia "inarekodi kila kitu". Si kweli. Mikisa nyingi za bei nafuu hupeleka kwenye kompyuta chaneli (njia za sauti) mbili tu, kushoto na kulia, hata ukichomeka maiki nne, gita na kinanda. Sauti zote zinafika zikiwa zimeshachanganywa. Ukija kusikia gita limemfunika mwimbaji, huna la kufanya, chai imeshatiwa sukari. Mnarudia wimbo mzima.

Tena kuna zile ambazo tundu lake la USB ni la flashi ya kupigia nyimbo, basi. Kompyuta haizioni kabisa!

Hapo mtu anaanza kuhangaika na waya: anautoa kwenye mikisa, anauchomeka tundu la maiki la laptop, ambalo kwa kawaida ni la mono (njia moja tu ya sauti) na limeundwa kupokea sauti hafifu ya maiki. Matokeo yake ni mikwaruzo, na chini yake mngurumo wa umeme, ule wa hezi 50. Akitaka kuongeza kiitikio, sauti ya kwanza, anayoisikiliza kupitia mikisa hiyohiyo, inarudi na kurekodiwa tena pamoja na ya pili.

Mwimbaji mwenye gita moja angetoshwa na intafesi, yaani kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, ya matundu mawili, kila tundu na njia yake. Wauzaji, semeni kabla ya kupokea pesa: ni chaneli ngapi zinafika kwenye kompyuta?