Alifariki kwa homa: nani aandike sepsisi, na aiandike lini?

Ukihudhuria hitima Micheweni au Makunduchi ukauliza marehemu alikuwa na nini, mara nyingi utaambiwa "homa", au siku hizi, "sumu ilimwingia kwenye damu". Jibu hilo huwatosha wafiwa, na hakuna anayepaswa kuwadai zaidi. Hospitali ndiyo isiyotoshwa nalo. Faili la mgonjwa likifungwa hupewa msimbo, yaani herufi na tarakimu kutoka kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Kwenye misimbo hiyo ndiko Wizara inakojua watu wanakufa kwa nini na dawa zipi ziagizwe. Na tangu Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, unaolipia matibabu, uanze kazi mwaka 2023, jina la ugonjwa kwenye karatasi limekuwa na uzito wa fedha pia.

Hapo ndipo mvutano ulipo, na neno linalogombewa ni sepsisi, jina la kitabibu la kile tunachokiita sumu ya damu. Wako wanaosema daktari asiandike sepsisi mpaka maabara ioteshe damu, yaani iiweke kwenye chupa kuona kama bakteria watamea, na kumtaja bakteria mwenyewe. Wengine wanasema aandike pale pale anapoiona kwa mgonjwa, maabara itamfuata. Pande zote mbili zina hoja.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Bakteria kuwemo kwenye damu ni jambo moja, sepsisi ni jambo jengine. Mtu anaweza kung'olewa jino, bakteria wakapita kwenye damu yake kwa muda mfupi, akaenda zake asihisi chochote. Sepsisi, kwa maana waliyokubaliana wataalamu mwaka 2016, ni pale mwili unapoyajibu maambukizi kwa namna iliyopotoka mpaka viungo vyake wenyewe vinaanza kushindwa: mkojo unakatika, pumzi inakwenda mbio, presha inaanguka, mgonjwa anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Maambukizi yenyewe yanaweza kuwa yamekaa kwenye pafu au kwenye kibofu, na damu ikioteshwa isitoe kitu. Kwa hiyo "maambukizi ya damu", tafsiri tuliyoizoea, inatupotosha tangu mwanzo. Inamfanya mtu adhani kuwa damu isiyoota bakteria ni ushahidi kwamba sepsisi haikuwepo.

Wanaotaka maabara itangulie wanaogopa kitu cha kweli. Marekani, ambako hospitali hulipwa kwa kufuata ugonjwa ulioandikwa, sepsisi hulipwa zaidi kuliko nimonia ya kawaida au maambukizi ya njia ya mkojo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia kumbukumbu za hospitali 409 za huko, ulilinganisha njia mbili za kuhesabu kati ya mwaka 2009 na 2014. Ukihesabu kwa misimbo ya madai ya malipo, sepsisi ilipanda kwa takriban asilimia 10 kila mwaka. Ukihesabu kwa vipimo na matibabu yaliyomo ndani ya mafaili, ilikuwa karibu pale pale. Waliougua hawakuongezeka, walioandikwa ndio walioongezeka. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na madaktari kuujua ugonjwa vizuri zaidi, lakini huwezi kuiondoa fedha kwenye hesabu hiyo. Mfuko wetu bado mchanga, na anayetaka ulindwe dhidi ya neno kubwa lisilo na ushahidi hana nia mbaya na wagonjwa.

Kuna na hoja ya dawa. Kila anayeandikwa sepsisi hupewa antibiotiki nzito ya sindano. Neno likitumika ovyo, dawa zitatumika ovyo, na bakteria watazizoea.

Lakini hoja ya "maabara kwanza" inadhania kwamba maabara husema kweli kila mara na husema mapema, na sisi tuna sababu ya kujua kwamba sivyo. Ni wangapi kati yetu wameambiwa wana taifodi kwa kipimo cha Widali? Kipimo hicho kinaweza kumtaja mtu aliyewahi kuugua zamani au aliyechanjwa, na homa yake ya leo ikawa ya kitu chengine kabisa. Karatasi ya maabara ipo, muhuri upo, na jibu si sahihi. Kuotesha damu ni kipimo bora zaidi kwa mbali, lakini huchukua siku mbili tatu, na hata duniani kwenye hospitali zenye kila kifaa, theluthi moja au zaidi ya wagonjwa wa sepsisi hawaoti chochote. Kwetu mgonjwa mara nyingi hufika wodini akiwa ameshanunua vidonge duka la dawa la mtaani. Vidonge hivyo vinaweza visimponye, lakini vinatosha kuwazuia bakteria wasioteke. Tukisubiri maabara, tutakuwa tunawahesabu waliobahatika kuota, na wanaokufa usiku wa kwanza hawatahesabiwa.

Hata hivyo, sitaki maabara idharauliwe. Pemba tunayo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri pale Wawi, iliyoanza mwaka 2000, na kisiwa hiki ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki zilizowahi kuchunguzwa kwa makini damu za wagonjwa wenye homa. Utafiti wa mwaka 2009 na 2010 katika hospitali za Pemba ulionyesha kwamba bakteria aliyeongoza kupatikana kwenye damu ni yule wa homa ya matumbo. Ujuzi huo haukutoka kwenye misimbo, ulitoka kwenye chupa za damu. Na kwa kuwa Zanzibar imeyashusha maambukizi ya malaria hadi chini ya asilimia 1 ya watu, hatuwezi tena kuitupia malaria kila homa. Ni lazima tujue hizi zilizobaki ni za nini.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, ambacho mvutano wa maabara hukifunika. Katika toleo la 10 la orodha, sepsisi ambayo kimelea chake hakikujulikana ina msimbo A41.9. Ni msimbo rahisi kuuandika, na unapokea kila mtu. Tuseme mama amejifungua, siku ya nne akapandwa na homa, tumbo likamuuma, akafariki. Msimbo wake ni O85, sepsisi ya baada ya kujifungua, na orodha yenyewe inakataza asiwekwe kwenye A41. Mchovu wa zamu akimwandikia A41.9, mama huyo anaondoka kwenye hesabu ya vifo vya uzazi. Hakuna atakayeuliza kama wakunga walikuwa na glavu za kutosha, au alichelewa wapi njiani. Mtoto mchanga wa siku tano mwenye sepsisi, yeye pia ana msimbo wake, P36. Akitupwa kwenye A41.9 amechanganywa na wazee wa miaka 70, na swali la usafi wa kitovu halitaulizwa.

Mwengine ni mzee mwenye kisukari, kidonda cha mguu kikaoza, sepsisi ikamchukua. Kwenye cheti cha kifo sababu hupangwa kwa mnyororo, na takwimu huchukua kile kilichouanzisha. Hapa ni kisukari. Cheti kikisema "sepsisi" na kunyamaza, wanaohesabu vifo duniani huuona msimbo huo kama usiofaa kitu, kwa sababu unaeleza mtu alivyokufa bila kusema kwa nini. Ndiyo maana watafiti walipotaka kujua uzito wa sepsisi duniani iliwabidi waifukue chini ya sababu nyengine. Makadirio yao yaliyotoka mwaka 2020 yalisema kwa mwaka 2017 watu milioni 49 waliugua na milioni 11 walifariki, karibu kifo kimoja katika kila vitano. Wengi wao wako nchi kama yetu, ambako kwenye daftari panaandikwa "homa".

Kwa hiyo mimi nasimama na daktari anayeandika bila kusubiri, ila simpi ruhusa ya kuandika neno moja. Aandike kiungo gani kimeshindwa na amekijuaje: presha ngapi, pumzi ngapi kwa dakika, mkojo kiasi gani. Aandike maambukizi yameanzia wapi. Jibu la maabara likija liongezwe pembeni, lisifute la mwanzo. Kwa njia hii Mfuko utakuwa na cha kukagua, na mgonjwa ambaye damu yake haikuota hatapotea. Toleo la 11 la orodha, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, linakwenda njia hiyo hiyo. Sepsisi ina 1G40, au 1G41 ikiwa presha imeanguka kabisa, na msimbo huo huunganishwa na ule wa maambukizi yaliyoileta.

Najua gharama yake. Daktari mmoja wa zamu mwenye wodi mbili hatakumbuka haya saa tisa za usiku. Ndiyo maana naona fedha ya kwanza iende kwa karani wa takwimu, anayeyawekea mafaili misimbo, kabla ya kwenda kwenye kompyuta. Huko huko Marekani, daktari akiandika "yurosepsisi", neno linalotumika kwa maambukizi ya njia ya mkojo na kwa sepsisi iliyoanzia huko, karani haruhusiwi kukisia, kwa kuwa neno hilo halina msimbo. Hulazimika kurudi kwa daktari amuulize alikusudia nini. Kwetu karani akimrudishia daktari faili huonekana amevuka mipaka. Apewe mafunzo, na apewe barua ya mganga mkuu inayomruhusu kubisha hodi na kusema: "Dokta, samahani, hapa umeniandikia sepsisi tu. Ilianzia wapi?" Na asilifunge faili hilo mpaka ajibiwe.