Siku niliyomwaga oili ikatoka nyekundu

Mama mkwe ndo alikuwa wa kwanza kusema, na mimi nikampuuza. Naanzia hapo makusudi ili asije akatokea mtu wa kunionea huruma bure.

Ilikuwa tarehe 22 Disemba, Kimara huku kwetu, na kama umeoa Mchaga unajua tarehe 22 Disemba maana yake nini, ni kurudi Moshi kwa Krismasi, nyumba imeshageuka stendi, mabegi sebuleni, nazi 12 kwenye kiroba mlangoni, watoto wanakula nusu sahani wanasema wanaacha nafasi ya nyama ya Moshi. Safari kesho yake saa 10 alfajiri, kilomita mia tano na hamsini hivi, na mama mkwe aliyekuwa kwetu toka Novemba kwa ajili ya macho tunarudi naye. Gari ni Forester ya 2004, otomatiki, gari nzuri tu haina kosa lolote kwenye hii habari, naomba ieleweke.

Nikampigia fundi wangu mchana, nikamwambia nataka kumwaga oili na kubadilisha ea klina, yaani filta ya hewa ya injini, kabla ya safari. Ana gereji bubu chini ya mwarobaini hapo karibu na kwa Mangi. Akacheka. "Bosi, Wachaga wote wa Dar wako hapa kwangu sahivi. Njoo kesho mchana." Kesho mchana mimi natakiwa niwe nimeshapita Korogwe. Nikakata simu nikajiambia kwani kumwaga oili ni operesheni ya moyo? Siku tatu nilikuwa naangalia video YouTube, kuna mzungu mmoja anafanya kazi yote dakika 12, anaongea huku anatabasamu, hata mikono haichafuki.

Nikaanza na ea klina maana ile ni rahisi, unafungua klipu mbili tatu unachomoa filta basi. Ile filta bwana ilikuwa imekuwa rangi ya kahawia kabisa, nikaigonga chini ikatoka vumbi na mabawa ya kumbikumbi na jani moja ambalo sijui liliingiaje. Mzungu kasema ikifika hapo nunua mpya. Sasa mpya iko Ilala, foleni ya Ubungo siku hiyo si ya kuigusa, na mimi nina akili zangu, nikaiangalia ile filta nikaona mbona hii ni kama kitambaa tu.

Nikaifua.

Ndio, niliifua. Beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga, nikailoweka nusu saa afu nikaipitishia brashi ya viatu taratibu mkunjo kwa mkunjo, maji yakatoka meusi tii na mimi nikawa najisifu moyoni kwamba mzungu anatupa pesa kwa uvivu wake. Nikaianika kwenye kamba, vibanio viwili, kushoto kitenge cha mama mkwe, kulia soksi za shule. Mama mkwe kakaa kibarazani anachambua mchele, akaiangalia muda mrefu.

"Baba, hiyo nayo nguo ya nani?"

"Ya gari, mama."

"Haya."

Ile haya ya wazee unaijua. Haina maana ya haya.

Basi nikahamia kwenye oili. Nikapandisha gari na jeki, nikaweka matofali na kipande cha gogo (hii msiige), nikaingia chini nimevaa jezi ya zamani na tochi ya simu mdomoni. Mzungu kasema tafuta nati ya sampu, lile bakuli la chini linalobeba oili, spana namba 17. Nikatafuta, huku mbele kuna plastiki imefunika funika kila kitu, nikasogea nyuma kidogo nikakutana na sampu safi kabisa, pana, na nati katikati imekaa kama kitovu. Nikaweka spana namba 17, ikakaa kama imezaliwa nayo. Sasa mtu unataka ishara gani nyingine?

Nikafungua. Ikatoka, ikatoka kwa raha zake, na ilikuwa nyekundu. Siyo nyekundu ya kung'aa, nyekundu iliyozeeka inayoelekea kahawia, ila nyekundu. Hata mimi nilishtuka, maana kwenye video ilitoka nyeusi kama lami. Lakini akili ya mtu aliyeshaamua haikosi majibu, nikasema ile ya mzungu ilikuwa imechoka, hii yangu bado nzima. Yaani nikajipongeza kwamba naitunza gari.

Mama mkwe kumbe kasogea na ungo wake, kainama.

"Mbona nyekundu hivyo kama rozela?"

"Hizi gari za kisasa mama, oili zake ndo hivi."

"Lori la marehemu baba yenu lilikuwa linatoa nyeusi."

"Lile la zamani mama."

"Haya."

Haya ya pili hiyo, nami sikuhesabu.

Zikatoka kama lita 4 kwenye beseni (siyo lile la filta, lile lingine, lilileta kesi yake baadaye na mke wangu lakini tuliache). Nikarudisha nati nikakaza. Nikatafuta filta ya oili, nikaiona pembeni huko karibu na tairi la mbele, kikopo cheusi cheupe sikumbuki, nikaishika kwa mikono miwili ikagoma, nikaizungushia tambara ikagoma, nikasema hii itasubiri Januari. Mungu ana namna yake ya kumsaidia mjinga.

Nikapanda juu, nikafungua kifuniko cha injini, nikamimina galoni nzima ya lita 4 mpya, bila kumwaga hata tone pembeni. Nikachomoa kijiti cha kupimia. Oili imepanda imepita alama zote, imefika huku juu karibu na mkono. Mtu mwenye akili anasimama hapo anajiuliza, mimi nilifurahi, nikasema imejaa vizuri hii, safari ndefu. Nikawasha, ikaunguruma, nikazima. Sikuisogeza hata hatua moja maana nilikuwa nimeshaiosha na matope ya nje ya geti sikuyataka.

Usiku filta bado mbichi mbichi. Nikaipiga pasi... hapana natania, niliiweka mbele ya feni. Ikakauka ina mawimbi kama bati la kibanda cha chipsi, nikailazimisha kwenye boksi lake, klipu zikalia, nikalala.

Saa 10 alfajiri watu wote ndani. Mama mkwe nyuma na kikapu chake mapajani akaongoza sala, akaomba Mungu amshike dereva mikono, amwongoze macho, awafunge madereva wa mabasi na roho zao za mbio. Sala nzuri sana. Giaboksi hakuitaja.

Nikaweka D. Kimya. Nikakanyaga mafuta, injini ikalia vuuuu, gari imetulia kama iko msibani. Mke wangu akaniangalia. Nikamwambia inapasha. Nikakanyaga tena, vuuuuu, ghafla gudum! ikaruka mbele kama imechomwa sindano, nazi zikabiringika chini ya viti, tukatoka getini. Nikasema mnaona? Ikaenda mita kama 30, mwendo wa bibi harusi, mpaka pale kwenye kimlima cha kutokea lami. Pale injini ikapanda mpaka mlio wa pikipiki na sisi tukaanza kurudi nyuma. Taratibu. Kwa heshima. Mguu wangu uko kwenye mafuta na gari inarudi nyuma.

Afu moshi. Jamani ule moshi, mweupe wa bluu, ukajaa mtaa mzima mpaka taa ya nguzo ikapotea. Jirani akafungua dirisha akapiga kelele, "Wamekuja kupuliza dawa ya mbu, fungeni vyakula!" Watoto wangu wakaanza kukohoa huku wanacheka. Mke wangu hakucheka, akasema kwa sauti ndogo, "Baba Junia, jana ulifanya nini kwenye hili gari?" Nikajibu sevisi.

Vijana wa bodaboda wakatusukuma mpaka ndani, elfu 10. Nikampigia fundi, saa 10 na nusu hiyo, akapokea na sauti ya usingizini.

"Fundi, gari inalia haiendi, na inatoa moshi."

"Jana ulienda kwa nani?"

"Nilimwaga oili mwenyewe."

Kimya kidogo. "Ilitoka rangi gani?"

Nikageuka kidogo. Mama mkwe kashusha kioo, anasikiliza.

"Kama... nyekundu nyekundu."

Sasa kimya kikawa kirefu mpaka nikaangalia simu kama imekata. "Bosi," akasema, "usiwashe. Usiguse kitu. Shusha watu. Nakuja." Yaani kama nimekaa juu ya bomu.

Saa 12 akafika na bodaboda. Akaingia chini, akatoka, akanivuta pembeni kama daktari anayetaka kuongea na ndugu. Akaniambia chini ya hii gari kuna nati tatu za kumwagia oili, moja ya injini huku mbele, imejificha nyuma ya ile plastiki, moja ya difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwenye matairi), na moja ya giaboksi, na spana namba 17 inafungua ya injini na ya giaboksi zote mbili. "Wewe umemwaga hydroliki, ile oili nyekundu ya giaboksi, afu umejazia injini ambayo haikupungua kitu. Giaboksi ina njaa, injini imevimbiwa." Na ile filta iliyogoma ni filta ya giaboksi, iko nje inafanana na ya injini kabisa. "Ungeifungua na hiyo tungeongea mengine."

Nikamuuliza sasa kupungua oili tu ndo gari isitembee? Akanifafanulia pale pale kwa kikombe cha chai. Gari ya manyuali, injini na giaboksi zinashikana kwa sahani ya klachi. Otomatiki hamna ile sahani ya kukanyagia, kuna torki konveta, imejaa hydroliki, injini inaizungusha ile hydroliki na ndo inasukuma upande wa pili, na hizo klachi ndogo ndogo za ndani zinabanwa kwa presha ya hiyo hiyo hydroliki. "Humo zinakaa lita 9 hivi, ukifungua nati zinatoka 4, zingine zinabaki kwenye konveta. Ndo maana ilijaribu jaribu. Ilikuwa inatafuta mikono yake."

Na moshi? Lita 4 juu ya lita 4, krenki, ile shafti inayozunguka ndani ya injini, inazichapa zile oili mpaka zinatoa povu kama mayai, povu linapanda kwenye mpira wa kupumulia, mpira unaenda kwenye njia ya hewa, injini inakunywa oili yake yenyewe inaichoma. Hapo akafungua boksi la ea klina ili anionyeshe, na akaiona filta yangu.

Akaichukua kwa vidole viwili. Imelowa oili, ina mawimbi, na bado inanukia sabuni. Akainusa. Akaniangalia. Akainusa tena.

"Bosi, hii ulifua?"

Sikujibu. Mama mkwe akajibu toka ndani, "Aliifua na kuianika. Karibu na kitenge changu."

Fundi alikaa chini. Nakwambia alikaa kwenye tofali, akashika kichwa, mabega yanamtikisika. Alipopata sauti akaniambia hiyo ni karatasi, karatasi haifuliwi, ikilowa vitundu vyake vinaharibika na ikijikunja inaacha upenyo pembeni, vumbi linapita mbele kwenda kula silinda. Ukiona ina vumbi unapuliza na kompresa kutoka ndani kwenda nje, kidogo tu, ikishachoka nunua nyingine, na kwa vumbi la Kimara usisubiri kilomita walizoandika Wajapani.

Tukaenda Ilala kwa bodaboda, mimi katikati ya fundi na dereva kama mkate. Tukarudi na hydroliki ya Dexron III, galoni nyingine ya oili, filta ya oili na filta ya hewa. Injini ikamwagwa yote, safari hii nyeusi ikatoka, nikaona aibu kuiangalia. Hydroliki inaingilia kwenye kitundu kile kile cha kijiti chake cha kupimia, kembamba, fundi akakata chupa ya maji akatengeneza faneli na mpira. Afu kupima kwake siyo kama injini, injini unazima unasubiri oili ishuke, hii unapima gari inawaka na imeshapata moto, unakanyaga breki unapitisha gia zote taratibu, P, R, N, D, unarudi P ndo unachomoa kijiti. Nilikanyaga hiyo breki kwa nidhamu sijawahi kuwa nayo toka kuzaliwa. Akaweka R. Gari ikajibu hapo hapo, ikarudi nyuma kwa sababu imeambiwa.

Sitataja hesabu ya siku ile maana mke wangu anaweza kusoma hapa. Niseme tu ningemsubiri fundi hadi mchana ningelipa elfu 20 ya ufundi.

Siku nzima mama mkwe alikaa sebuleni na kikapu mapajani, hakuvua hata viatu. Hakusema neno baya. Tukaondoka tarehe 24, na njiani hakusema kitu Chalinze, hakusema Segera, nikaanza kuamini imeisha. Tulipopita Mombo akanigusa bega.

"Baba, sasa ile nyeusi umeiacha ya kutosha?"

"Ipo mama."

"Haya."

Tumefika Moshi jioni, mashemeji wamejaa uani, kila mtu ananisalimia amebana mdomo, nikajua simu imetangulia. Nikaoga, nikakaa. Mama mkwe mwenyewe akaja na trei, glasi moja tu, rozela, nyekundu imekolea, akaniwekea mbele yangu watu wote wakiangalia.

"Kunywa baba. Hii hata ukiimaliza yote haina shida."