Sebene katikati ya maombi

Kinanda changu kilifika kanisani kabla yangu, kimelazwa juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, katikati ya spika mbili, kimefunikwa blanketi kama mgonjwa. Mimi nilifuata nyuma kwa miguu, suti ya kaka yangu mwilini, kompyuta mgongoni. Nilikuwa nimejawa na ujasiri wa mtu aliyesoma kitabu cha maelekezo mpaka ukurasa wa mwisho. Kilikuwa cha Kijerumani, lakini picha nilizielewa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwaya ya akina mama wa kanisa moja la Majengo, hapa Goma, walitaka kurekodiwa wakiimba ibadani. Mpiga kinanda wao alikuwa amepanda boti kwenda Bukavu wiki tatu nyuma, na kila akipigiwa simu anasema "kesho". Basi ngoma, besi na tarumbeta zote nilizipanga mimi ndani ya kumbukumbu ya kinanda. Kinanda kingepiga, akina mama wangeimba, kompyuta ingenasa sauti kutoka kwenye mikro nne. Baadaye, nyumbani, ningerekodi kila ala peke yake, na kila kitu kingeangukia mahali pake.

Ili kiangukie, kinanda na kompyuta lazima vifuate saa ileile, na hapo ndipo niliposota siku nne. Siku ya kwanza kila kimoja nilikiagiza kimsikilize mwenzake. Vikakaa kimya, kama wakwe wawili mlangoni, kila mmoja anasema pita wewe kwanza. Siku ya pili vyote viwili nikavifanya viongozi. Hiyo siwasimulii.

Lugha vinayozungumza inaitwa MIDI, ipo tangu 1983, na haina maneno mengi. Kiongozi hutuma mapigo 24 kwa kila robo-noti, mfuasi huyahesabu na kutembea nayo. Juu ya hapo kuna "anza", "endelea", "simama", na mengine machache. Haya mapigo hayamwambii mfuasi apige wimbo gani. Kinachochaguliwa kwenye kinanda ndicho kitakachopigwa, kwa mwendo wa kompyuta. Jambo hilo nililijua. Nataka mkumbuke kwamba nililijua.

Siku ya nne nikaifanya kompyuta kiongozi na kinanda mfuasi, na vikaenda sambamba kama nyayo za askari. Nilicheka peke yangu studioni. Ila kinanda changu kikiwa mfuasi, kitufe chake cha kusimamisha kinakufa kabisa. Nikaona ni jambo dogo.

Jumapili, mazoezi ya asubuhi yakaenda vizuri. Wimbo wa kuabudu, mwendo wa midundo 72 kwa dakika, mama mmoja akalia. Mama Prezidanti wa kwaya, mwanamke wa maneno machache, akanishika bega: "Mutoto yangu, leo tunakutegemea weye."

Kisha, dakika kumi kabla ya ibada, umeme ukakatika. Ukarudi mara moja, hata watu hawakuguna. Kompyuta ina betri, haikujua lolote. Kinanda hakina. Kilizima, kikawaka, na kinapowaka hurudi kwenye wimbo nambari moja. Nambari moja ilikuwa sebene, muziki wa kasi wa kucheza, niliyoitengenezea harusi ya Jumamosi.

Pasta akasimama, akainua mikono. "Tunyamaze mbele za Bwana." Watu mia tatu wakafumba macho. Nikaona ni nafasi nzuri ya kukagua zile sauti za mazoezi. Nikavaa hedifoni, zile kubwa zinazoziba masikio yote, nikafumba macho na mimi, nikabonyeza kitufe kirefu cha kompyuta, kile cha kuanzisha na kusimamisha.

Sauti za akina mama zikaja safi. Nikatikisa kichwa taratibu. Kwa aliyekuwa ananitazama, nilikuwa nimezama katika maombi kuliko pasta.

Kompyuta, nayo, ilikuwa imetuma "anza".

Nakubali, mwanzoni haikuwa mbaya sana. Sebene ile ni ya mwendo wa 140, lakini mfuasi mwaminifu alikuwa anaipiga kwa 72 kama alivyoagizwa. Nimeambiwa kwamba kwa sekunde kadhaa watu walidhani ni utangulizi wa ibada, na baba mmoja wa mstari wa mbele alianza kuyumba polepole, mkono kifuani.

Mimi sikusikia kitu. Nilihisi tu benchi linatetemeka. Sasa, mtu wa Goma akihisi benchi linatetemeka hafikirii besi. Mwaka 2021 nilitembea kwa miguu hadi Sake na godoro kichwani kwa sababu ya mitetemo ya namna hiyo. Nikaruka, nikang'oa hedifoni, nikaangalia upande wa Nyiragongo, volkano yetu.

Watu mia tatu walikuwa wananiangalia mimi.

Akili ikaniambia kelele inatoka kwenye kinanda, basi dawa iko kwenye kinanda. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Nikakibonyeza mara tisa. Kompyuta iko sentimita thelathini kutoka mkono wangu wa kushoto, kitufe kirefu kinaningoja, wala sikukiona. Nikachomoa waya wa MIDI.

Mapigo yakakatika katikati ya noti ya tarumbeta. Kinanda kilikuwa kimeambiwa noti ianze, na zamu ya kuimaliza haikufika tena. Kikaishika. Paaaaaaaa. Noti moja, spika mbili, kuta za mawe meusi zinairudisha.

"Parapanda!" akapiga kelele mzee mmoja nyuma kabisa, na viti vikaanza kuanguka.

Nikaomba, na niliomba kwa kweli siku hiyo, umeme ukatike. Umeme unaotukatikia wakati wa mpira, wakati wa kupiga pasi, ule uliokatika dakika kumi kabla. Ulisimama imara kama mwamba.

Mama Prezidanti akainuka, akatembea bila haraka, akanyosha mkono mbele yangu, akashusha kitufe cha sauti mpaka chini.

Pasta akasema amina.

Waliimba kwa ngoma na makofi. Kompyuta ikanasa kila kitu, na sijawahi kurekodi sauti nzuri vile. Tulikuwa tumepatana dola 60. Mama Prezidanti alinihesabia kwenye ngazi, noti tatu za ishirini, na ya tatu ilikuwa na kona iliyochanika. Hapa kwetu noti ya namna hiyo hata muuza samaki wa sambaza haigusi, na yeye anajua. Akanitazama machoni.

Nikaikunja pamoja na zingine. "Asante sana, Mama," nikasema, na kwenda kutafuta chukudu.