Msikilizaji wa Kwanza wa Hadithi ya Mapenzi

Tangu riwaya yangu ya kwanza ya mapenzi ilipotoka, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni kama kisa kile kilinitokea mimi. Mawifi zangu huniuliza, majirani huniuliza, na mzee mmoja anayeuza vitabu karibu na kituo cha daladala, aliyeimaliza kwa siku mbili, aliniita pembeni kunieleza kwamba amekwisha kumtambua mhusika mkuu. Ninaelewa swali hilo linatoka wapi, kwa sababu msomaji aliyeguswa hutaka kujua kama aliyeandika naye aliguswa. Hata hivyo naamini linatupotosha, sisi tunaoandika na wale wanaotamani kuanza, kwa kuwa linachukulia kwamba hadithi ya mapenzi huzaliwa na mapenzi ya mwandishi mwenyewe. Kwa niliyoyaona, hadithi hiyo huanza pale mwandishi anapopata mtu wa kumsimulia.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Georgette Heyer, Mwingereza aliyezaliwa Wimbledon mwaka 1902, ambaye riwaya zake za mapenzi za kihistoria zimefuatwa na waandishi wengi waliokuja baada yake. Alipokuwa na umri wa miaka 17, mdogo wake Boris alikuwa akisumbuliwa na aina ya hemofilia, ugonjwa unaozuia damu kuganda, na mara nyingi alikuwa hana nguvu. Ili kumchangamsha, dada yake alianza kumtungia hadithi ya mfululizo. Baba yao, aliyekuwa akiisikiliza pia, aliipenda, akamtaka binti yake aitayarishe ili ichapishwe. Wakala wa baba akatafuta mchapishaji, na mwaka 1921, mtunzi akiwa bado hajatimiza miaka 20, The Black Moth ikatoka.

Ukiisoma kwa kumkumbuka Boris, riwaya hiyo hubadilika. Ni kweli ina binti wa kuokolewa, kabaila mwenye tamaa, panga na farasi, na mwisho wake ni ndoa. Lakini kiini chake ni kaka mkubwa anayekubali kubeba aibu ya udanganyifu wa karata uliotendwa na mdogo wake, akaishi miaka mingi kama mtu aliyetengwa ili mdogo huyo abaki na heshima. Dada anamsimulia kaka mgonjwa habari ya ndugu anayejitoa kwa ajili ya ndugu. Sidhani kama hilo lilitokea kwa bahati tu. Mapenzi ya kwanza ndani ya kitabu kile ni ya tumbo moja, na yale ya mwanamume na mwanamke yalikuja kuota juu yake. Waandishi wachanga wanaoniandikia kusema kwamba hawawezi kuandika riwaya ya mapenzi kwa kuwa hawajawahi kupenda, mimi huwauliza kwanza kama wamewahi kumuuguza mtu.

Sisi hatuhitaji kwenda Wimbledon kulijua jambo hili. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake, unaotajwa kuwa wa mwaka 1858, akiwa yeye mwenyewe ndiye mgonjwa, na akamwelekezea binti yake, akimwita asogee karibu na kumwambia kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Unaweza kutokubaliana na mengi anayomwusia binti kuhusu mume. Mimi pia sikubaliani nayo yote. Lakini nani asiyesikia, hadi leo, joto la sauti inayozungumza na mtu mmoja aliyeketi kando ya kitanda? Na watunzi wetu wanaorusha simulizi za mapenzi kwa WhatsApp, sehemu baada ya sehemu, na kila sehemu ikiishia na neno "itaendelea", wanaujua ufundi huo kuliko wanavyosifiwa. Anayesimulia kwa mfululizo hujua mahali ambapo msikilizaji amechoka, kwa sababu jioni ile ile atanyamaziwa. Ninawaheshimu kwa dhati, na huniuma ninaposikia kazi zao zikiitwa takataka na watu ambao hawajawahi kumfanya hata mtu mmoja asubiri kesho kwa hamu.

Kuhusu usomaji, nyumba ya akina Heyer ilikuwa na jambo ambalo ningependa kuliona katika nyumba zetu: baba aliwahimiza watoto wasome, na hakuwakataza kitabu chochote. Georgette alisoma sana, naye alikutana mara kwa mara na rafiki zake wawili, Joanna Cannan na Carola Oman, kuzungumza juu ya vitabu; baadaye yeye na Carola walisomeana kazi zilizokuwa bado zinaandikwa, kila mmoja akimkosoa mwenzake. Mimi nililelewa kinyume chake. Riwaya pendwa nilizisoma kwa tochi chini ya shuka, na katika shule niliyosoma mwalimu mmoja alininyang'anya kitabu cha mapenzi, akakichana mbele ya darasa, na kunitaka niseme kwa sauti kwamba sitarudia. Nilisema, kisha nikarudia. Lakini aibu ile ilinikalia miaka mingi, kiasi kwamba nilipoanza kuandika nilikuwa nikiharakisha kila mahali ambapo watu wangu wawili walipaswa kutazamana, kana kwamba mwalimu yule alikuwa bado amesimama nyuma yangu. Kilichoniponya kilikuwa kusoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi na kumkuta Yasmin, binti aliyeozwa mzee asiyempenda, akipewa nafasi ile ile ya heshima inayopewa siasa za Unguja ya wakoloni. Nilielewa kwamba moyo wa msichana ni jambo zito vya kutosha kubeba kitabu kizima.

Mwaka 1925 baba yake Heyer alifariki kwa ugonjwa wa moyo bila kuacha pensheni, na binti akabeba jukumu la kuwatunza wadogo zake wawili, wa miaka 19 na 14. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya tano. Kuandika kukawa kazi ya kuwalisha watu, na nadhani nidhamu yake mashuhuri inaanzia hapa zaidi kuliko kwenye kipaji.

Miezi miwili baada ya msiba aliolewa na Ronald Rougier, mhandisi wa migodi, na ndoa hiyo ndiyo iliyomleta kwetu. Rougier alitumwa Tanganyika, na mwaka 1927 mkewe akamfuata. Waliishi porini, katika kibanda kilichojengwa kwa matete, na inasemekana watumishi wao walikuwa hawajawahi kumwona mwanamke wa Kizungu kabla yake. Humo ndani akaandika The Masqueraders, riwaya ya mapenzi inayotokea Uingereza mwaka 1745, ambamo kaka na dada wanabadilishana mavazi ya kiume na ya kike ili kuiokoa familia yao. Hakuwa na vitabu vyake vyote vya rejea, na bado kosa moja tu la kihistoria ndilo lililoonekana: klabu ya White's ya London aliifungua mwaka mmoja kabla ya wakati wake.

Nimelifikiria sana kosa hilo moja. Mtu anawezaje kukaa kwenye nyasi za Tanganyika, akiwa mbali na kila maktaba, na kuibeba London ya karne ya 18 kichwani bila kuimwaga? Jibu ni mazoea yake ya kila siku. Katika maisha yake alijikusanyia vitabu vya historia zaidi ya 1,000, na alijaza madaftari kwa mafungu: mavazi, kofia, rangi, mambo ya nyumbani, maduka, bei za vitu, hata gharama ya mishumaa katika mwaka fulani. Aliwahi kununua barua halisi ya Wellington, jemadari maarufu wa Uingereza, ili aipate vyema namna yake ya kuandika. Wapo wanaoona mambo haya ni mapambo, kwamba mapenzi ni mapenzi hata mshumaa uwe wa bei gani. Siwaungi mkono. Wapenzi wawili wakikutana usiku katika nyumba isiyo na uwezo, bei ya mshumaa ndiyo inayoamua watakaa kwenye mwanga kwa muda gani.

Tangu nilipolijua hilo, nami nimekuwa na daftari. Ninaandika majina ya kanga na mwaka niliposikia kila jina, kwa sababu mwanamke wa Tanga anayemjibu hasimu wake kwa kanga hawezi kuvaa usemi uliochapishwa miaka ishirini baadaye. Ninaandika nauli, mahari zilizotajwa mbele ya washenga, na maneno ambayo mama wakubwa hutumia wanapotaka kukataa posa bila kuvunja undugu. Huandika riwaya yenyewe alfajiri, baada ya swala na kabla watoto hawajaamka, kurasa mbili au tatu kwa mkono, na jioni ya Ijumaa humsomea shangazi yangu, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri. Akianza kuuliza habari za jirani katikati ya sura, ninajua sura hiyo imekufa.

Jambo moja ninalomlaumu Heyer, kwa mapenzi yote niliyo nayo kwake, ni kwamba watu waliopika chakula chake na kumletea maji wakati anaandika The Masqueraders hawakupata hata kivuli katika riwaya ile. Bila shaka hadithi ya mwaka 1745 isingeweza kuwaingiza kwa urahisi. Lakini nao walikuwa na wachumba, walikuwa na posa zilizokwama, na pengine mmoja wao alikuwa akihesabu mshahara wake wa mwezi kwa ajili ya mahari huku mgeni akihesabu kurasa. Riwaya yangu ya pili inaanzia pale, kwenye ua wa kibanda cha matete, kwa kijana anayesubiri taa ya ndani izimwe ili aende zake kijijini. Daftari la riwaya hiyo limefikia kurasa kumi na nne, na karibu zote ni maswali ya kuwauliza wazee. La kwanza ni kwamba mwaka 1927 kijana kama yule alipeleka nini kwa wakwe, na la pili ni kwamba usiku ule njiani alimulika kwa kitu gani.