Kabla hamjachanga hela ya kopo la virutubisho

Kila nikiona tangazo la virutubisho linaloahidi kuondoa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ndani ya wiki mbili, hasira hunipanda. Namfikiria anayelengwa: mtu aliyekosa usingizi miezi kadhaa, hamu ya kula imekata, kazi zimemshinda, na ndugu wanachangishana kwenye kundi la WhatsApp ili wamnunulie kopo. Hela hiyohiyo ingenunua dagaa, mayai, maharage na mboga za wiki kadhaa, na nauli ya kliniki ikabaki.

Sibishi kwamba chakula kina nguvu. Mwaka 2017 watafiti wa Australia, wakiongozwa na Profesa Felice Jacka, walitoa matokeo ya utafiti unaoitwa SMILES. Walikuwa na watu 67 wenye sonona, wengi wao tayari wako kwenye tiba. Kundi moja lilisaidiwa na mtaalamu wa lishe kwa wiki 12 kula zaidi mboga, matunda, kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa, na kupunguza vitu vitamu na vya kukaanga. Kundi la pili lilipata mtu wa kuzungumza naye. Mwishoni karibu theluthi moja ya waliobadili mlo walikuwa wametoka kwenye sonona. Kwa wenzao ni asilimia 8. Utafiti wenyewe ni mdogo, na kila mshiriki alijua anachopewa, kwa hiyo siuoni kuwa neno la mwisho. Lakini unatosha kunifanya niulize mgonjwa anakula nini.

Vidonge navyo? Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa Ulaya uliofuatilia watu 1,025 wenye uzito mkubwa, ambao walikuwa na dalili za huzuni ila hawajafikia sonona. Kwa mwaka mzima baadhi walimeza mafuta ya samaki, vitamini D, asidi ya foliki na madini ya seleniamu. Wengine walimeza vidonge visivyo na kitu. Virutubisho hivyo havikuwakinga na sonona. Marekani nako, watu zaidi ya 18,000 wa umri wa miaka 50 na kuendelea walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na waliotumia vitamini D hawakuwa na nafuu kuliko wasiotumia.

Wauzaji wangekuwa wakweli, wangetaja utafiti uliofanyika hapa Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1995 wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI waliingizwa kwenye utafiti wa vitamini. Waliopewa vitamini za kundi B pamoja na C na E walionyesha dalili chache zaidi za sonona kuliko ambao hawakupewa. Vitamini A peke yake haikusaidia upande huo. Kwangu mimi jambo liko wazi: hao walikuwa wanawake wenye mimba na maradhi mazito, wakati dawa za ARV hazijawafikia watu wengi, na miili yao ilipungukiwa. Kidonge humfaa aliyepungukiwa.

Na kupungukiwa hakujulikani kwa kutazamana usoni. Jirani yangu mmoja, fundi cherehani, alishinda kwa chai ya rangi na andazi, mchana soda, usiku wali na mchuzi mwepesi. Akawa mchovu, analia bila sababu, mpaka mashangazi wakaanza kusema amefanyiwa kitu. Alipopimwa, damu ilikuwa 7 tu, chini sana. Akapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki, vya bei ndogo kabisa. Nguvu zikarudi, cherehani ikaanza kusikika tena asubuhi. Huzuni haikuisha yote. Bado anakwenda kwa mshauri, na ni sawa. Damu ilikuwa sehemu tu ya tatizo.

Kwa hiyo naomba vipimo vitangulie: wingi wa damu, na inapowezekana vitamini B12 na tezi ya shingoni. Wenye kisukari wanaotumia metformin kwa muda mrefu waulize hasa kuhusu B12, kwa sababu dawa hiyo huweza kuipunguza mwilini, na upungufu wake huleta uchovu na kuvurugika kwa hisia.

Linalonitisha zaidi ni kuchanganya. Mmea wa St John's wort, unaouzwa mitandaoni kama tiba ya asili ya huzuni, hupunguza nguvu ya baadhi ya ARV na vidonge vya uzazi wa mpango, na ukiunganishwa na dawa za sonona unaweza kumfikisha mtu mahututi. Muuzaji wa kwenye simu hakuulizi unatumia dawa gani.

Halafu sisi ndugu tuna tabia ya kumwambia mgonjwa "kula vizuri". Mtu ambaye kuoga tu ni mlima ataanzaje kuchambua mchicha na kuchagua maharage? Mpikie. Peleka ugali wa dona na dagaa, kaa naye mpaka amalize, hata kama ni matonge matatu. Akianza kuongea habari za kufa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa ameanza kula vizuri. Na kama kopo lilishanunuliwa, libebe mwende nalo kwa daktari, asome kilichoandikwa kabla mgonjwa hajameza.